Wodi Nzima Inapumua Ishirini

Usidhani huyu mama alikuwa mvivu. Mvivu angekuwa na nafuu, maana mvivu akifeli hashangai. Huyu alikuwa mchapakazi kupita kiasi, na ndiyo sababu yaliyomkuta yalimwacha mdomo wazi.

Kabla ya kwenda chuo cha uuguzi alikuwa mchora mabango. Yeye na mumewe walikuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba. Kinyozi akitaka bango, anakwenda kwao. Duka likifunguliwa, jina lake linaandikwa kwa brashi yake. Halafu mwaka mmoja dada yake alilazwa hospitali mwezi mzima. Akamuuguza, akaona kazi ya wauguzi kwa macho yake. Akarudi nyumbani akasema, "Mimi nataka ile kazi."

Mumewe alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

Chuo kilimpokea akiwa na miaka thelathini na miwili. Wenzake walipoona daftari lake siku ya kwanza, wakampa jina hapo hapo: Bango. Jina likamganda, hata walimu wakalichukua.

Siku zake zilikwenda hivi. Anaamka mapema, anachemsha chai, anamwandaa binti yake wa miaka tisa kwenda shule. Anafagia, anaosha vyombo, anakimbilia darasani. Jioni akirudi anapika, kisha anaketi mezani na kalamu zake sita. Nyekundu ni ya hatari. Kijani ni ya dawa. Buluu ni ya vipimo. Anachukua maelezo ya mwalimu na kuyanakili upya, neno kwa neno, kila ukurasa na fremu yake. Moyo aliouchora ulikuwa mzuri hata mama mkwe akataka kuubandika sebuleni.

Mama mkwe alikuwa anaishi nao, na daftari lile lilikuwa fahari yake. "Njoo uone kazi ya nesi wetu," alimwambia kila aliyebisha hodi. Jirani amekuja kuazima nyundo, anaondoka ameonyeshwa figo.

Darasani Bango aliketi na mwanamume wa makamo aliyeitwa Dereva. Aliitwa hivyo kwa kuwa aliendesha lori miaka kumi na mmoja kabla ya kuja kusoma. Mwandiko wake, jamani, ulikuwa wa kutisha.

"Kaka, hizi ni herufi au kuku amepita?" Bango alimtania.

"Kuku mwenyewe alikuwa na haraka," Dereva alijibu. "Niazime lako, dada."

Basi kila Ijumaa Dereva aliazima daftari la Bango, akatoa fotokopi, akalirudisha Jumatatu.

Ukaja mtihani wa kwanza wa somo la misingi ya uuguzi. Kufaulu ni alama hamsini. Matokeo yalibandikwa nje ya ofisi, na wanafunzi wakajazana. Bango alipenya hadi mbele. Akatafuta namba yake, akaweka kidole juu yake, akakitelezesha polepole kwenda kulia.

Arobaini na moja.

Alidhani kidole kimepotea mstari. Akaanza upya. Arobaini na moja. Akaanza mara ya tatu, na mara ya tatu alama ilikuwa ile ile, wala haikumwonea huruma.

Halafu akaona mstari wa Dereva. Sabini na tisa.

"Kaka," alisema, na sauti ilitoka nyembamba. "Wewe ulisoma nini?"

"Si daftari lako?"

"Daftari langu!"

"Fotokopi zake. Mimi sina kingine."

Loo! Mwenye daftari amefeli, mwenye fotokopi amefaulu. Umewahi kusikia kitu kama hicho? Hapo ndipo alipotakiwa kumwuliza Dereva, "Uliyasomaje?" Hakuuliza. Alikuwa amekasirika. Aliona kama ameibiwa alama zake. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani walimsubiri mlangoni.

"Arobaini na moja," alisema.

"Kati ya hamsini?" mama mkwe aliuliza kwa matumaini.

"Kati ya mia, mama."

Mama mkwe akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. Mume alibaki ameshika brashi, rangi inadondoka sakafuni, haoni. Kisha Bango akawaeleza jambo lililokuwa baya zaidi. Kuna mtihani wa marudio baada ya wiki saba. Ukifeli tena somo hilo, unaondoka chuoni. Hakuna mara ya tatu.

"Wewe?" mumewe alisema. "Wewe unayeandika kila siku mpaka macho yanakuwa mekundu?"

"Mimi huyu huyu."

Basi alifanya nini? Alinunua kalamu ya saba, ya rangi ya dhahabu, akaanza kulinakili daftari zima upya. Ndiyo, upya! Kile kilichomfelisha akakiongeza dozi. Akawa analala kwa muda wa saa nne tu. Akawa anasinzia darasani, anakosa anachosema mwalimu, jioni anakwenda kunakili kile alichokikosa kutoka kwa mwenzake. Alikuwa anakimbia mbio, ila miguu haitoki palepale.

Wiki ya pili baada ya matokeo wakapelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo. Walipangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume, vitanda ishirini na viwili. Kazi yao ya asubuhi ilikuwa kuchukua vipimo vinne kwa kila mgonjwa: joto, mapigo ya moyo, presha na pumzi. Vitatu vya kwanza vina mashine. Unafunga, unabonyeza, namba inatokea. Pumzi haina mashine. Ni wewe na saa yako. Unatazama kifua kinapanda na kushuka, unahesabu dakika nzima.

Dakika nzima kwa kila mgonjwa! Na sista wa zamu anakuhimiza, na mgonjwa wa kitanda cha saba anataka maji, na wa kumi na tano anataka kujua lini ataenda nyumbani. Bango alitazama chati ya kitanda cha kwanza. Mwanafunzi wa jana alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anapumua mara ishirini kwa dakika. Wa juzi pia, ishirini. Akatazama chati ya pili. Ishirini. Ya tatu. Ishirini.

Akashika kalamu. Akaandika ishirini. Na ishirini zake zilipendeza, acha tu.

Saa tatu na nusu aliingia mwalimu wa wodi. Alikuwa mwanamke mfupi, saa yake ameibandika kifuani, viatu vyake havitoi sauti. Alianza kupitia chati, kitanda kwa kitanda. Wanafunzi walimfuata nyuma. Alipofika kitanda cha tisa alisimama.

"Ishirini, ishirini, ishirini," alisoma. "Hawa ni wagonjwa au ni kwaya?"

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu hakucheka, nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Kitandani alilala mzee mmoja, fundi viatu, aliyefanyiwa upasuaji wa kidonda cha mguu. Macho yake yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa mikavu.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, mwalimu," Bango alisema.

"Njoo uhesabu. Sote tunasubiri."

Bango akashika mkono wa mzee, akatazama saa, akatazama kifua. Kumi. Ishirini. Mshale wa saa ulikuwa bado haujamaliza dakika. Ishirini na tano. Thelathini. Thelathini na nne.

Alidhani amekosea. Akaanza upya. Thelathini na tano.

"Mzee, unajisikiaje?" mwalimu aliuliza.

"Nipo... salama, binti yangu," mzee alijibu. "Nimechoka... tu."

Alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Nusu saa kabla Bango alikuwa amesimama hapo hapo, karibu na mdomo huo, akaandika namba, akapita. Hakuona. Hakusikia hata kidogo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwalimu aliinua kichwa cha kitanda ili mzee aketi. "Dereva, lete oksijeni! Wewe, mwite daktari, mwambie pumzi thelathini na tano, mwambie sasa!" Sista wa zamu alikuja mbio. Daktari akafika, akafungua bandeji, akanusa, akakunja uso. Maambukizi ya kidonda yalikuwa yameingia kwenye damu. Mzee akawekewa dripu, akachomwa dawa, akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi.

"Tungechelewa mpaka mchana," daktari alisema akinawa mikono, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Bango alisimama ukutani. Alitaka ardhi ipasuke immeze, ila sakafu ya wodi ni ya saruji, haikusogea.

Mwalimu wa wodi alimwita kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Ulihesabu asubuhi?"

Angeweza kudanganya. Angesema mzee alibadilika ghafla, nani angebisha? Neno lilifika hadi kwenye meno. Akalimeza.

"Sikuhesabu, mwalimu. Nilinakili."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mstari wa juu."

"Na wa mstari wa juu alinakili wapi?"

Mwalimu akaegemea rafu.

"Wote mlioandika kwenye chati ile mtaitwa, mmoja mmoja. Sasa niambie. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni ngapi?"

"Kumi na mbili hadi ishirini."

"Vizuri. Ikipanda hadi thelathini na tano, mwili unatuambia nini? Utafanya nini kwanza?"

Bango alifungua mdomo. Ukurasa aliuona. Ulikuwa upande wa kulia, una fremu ya buluu, kichwa cha habari kina kivuli. Aliiona hata kona aliyoirudia kwa kalamu ya dhahabu. Ila ndani ya fremu hamkuwa na maneno. Alitafuta na kutafuta. Hamna kitu.

"Naliona daftari," alinong'ona. "Sioni maneno."

"Daftari lako linajua," mwalimu alisema. "Wewe hujui. Mikono yako imesoma, kichwa kilikuwa kinapumzika."

Maneno yale yalimwingia. Mara ngapi ameandika ukurasa ule? Mara nne! Mara nne, na hajui umesema nini.

"Nitaandika ripoti," mwalimu aliendelea. "Utapewa onyo la maandishi. Pamoja na mtihani wa marudio utapimwa wodini mbele ya msimamizi kutoka nje. Ukianguka kimoja kati ya hivyo viwili, safari yako inaishia hapo. Sikutishi, nakueleza ilivyo. Umesema ukweli, ndiyo maana bado nazungumza nawe."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Jambo la kwanza ulilopaswa kufanya wiki mbili zilizopita. Uliza. Mlango wa ofisi yangu uko wazi kila Jumatano. Dereva amekuja mara nne. Wewe hujaja hata mara moja. Na kaanze na huyo huyo Dereva, mwulize anasomaje."

Dereva alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Bango alikaa pembeni yake. Alimeza mate, akameza na kiburi.

"Kaka, nisamehe. Nilikununia bure."

"Kumbe ulininunia? Nilidhani unaumwa jino."

"Niambie. Unalisomaje daftari langu?"

Dereva alitoa fotokopi mfukoni. Masikini kazi ya Bango! Karatasi zilikuwa zimekunjwakunjwa, zina madoa ya chai, na nyuma yake zimejaa ile miandiko ya kuku.

"Nasoma ukurasa mara moja, polepole," Dereva alisema. "Halafu naufunika. Nageuza nyuma, naandika ninachokumbuka. Vibaya vibaya hivi, hakuna atakayeona. Nikimaliza nafunua, nalinganisha. Nilichokosa nakipigia mstari. Hicho ndicho kazi yangu ya kesho. Yale niliyoyajua sihangaiki nayo."

"Halafu unaacha?"

"Siachi. Kesho nafunika tena. Baada ya siku tatu tena. Baada ya wiki tena. Ukiona kinatoka chenyewe, hicho kimeingia."

"Mimi naandika vizuri ili kiingie."

"Dada, sikiliza. Nilipoanza kazi ya lori nilikaa kiti cha pembeni miezi mitatu. Njia yote niliijua, kila kona. Siku dereva mkubwa alipougua, nikashika usukani mimi. Nilipotea kwenye makutano ya kwanza! Nilikuwa naiona njia, siiendeshi. Wewe unaliangalia somo kutoka kiti cha pembeni."

Bango aligeuza fotokopi moja, akaanza kusoma ile miandiko ya kuku.

"Na kitu kingine," Dereva alisema. "Mtihani haukuulizi nini kimeandikwa. Unakuuliza utafanya nini. Kila mstari mimi nauuliza, kwa nini? Na ikiwa hivyo, nifanye nini kwanza? Nikikosa jibu, namfuata mwalimu Jumatano. Na saa ya kulala ikifika, nalala. Nimewahi kuona madereva wanaosinzia, sitaki kukuhadithia."

Jioni ile Bango alijaribu. Alisoma ukurasa wa pumzi, akaufunga, akachukua karatasi tupu. Kalamu moja tu. Aliandika mistari mitatu, basi. Mistari mitatu kutoka ukurasa aliounakili mara nne! Alishtuka hata akajionea haya akiwa peke yake chumbani. Akalia. Alipomaliza kulia alifunua, akapigia mstari alivyokosa. Vilikuwa kumi na moja.

Siku iliyofuata aliwaita mumewe na mama mkwe mezani.

"Siwezi peke yangu," aliwaambia. Aliona aibu kusema hivyo, lakini akasema. "Nikilala kwa saa nne tu, naua kichwa. Nikiua kichwa, nitaua mtu. Jana nusura niue."

Akawaeleza habari za fundi viatu. Hakuficha kitu. Mama mkwe alishika shavu. Mume alitazama meza.

"Kuanzia kesho asubuhi yote ni yangu," mumewe alisema. "Chai, vyombo, mtoto. Bango la kinyozi litasubiri. Kinyozi mwenyewe hana haraka, hana nywele."

"Na mimi?" mama mkwe aliuliza. "Msiniweke kando kama kabati."

"Wewe, mama, utaniuliza maswali."

"Mimi? Hayo ya unesi?"

Mama mkwe alikuwa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima. Kusoma alijua, ila taratibu. Basi kila jioni, kwa muda wa saa moja tu, alishika daftari, Bango akageukia ukuta asione.

"Da-li-li za mgo-njwa a-li-ye-pu-ngu-ki-wa maji," mama mkwe alisoma. "Haya, nesi, sema."

Bango akasema. Mdomo mkavu, mkojo kidogo wenye rangi nzito, mapigo ya haraka.

"Kwa nini mapigo yawe ya haraka? Maji si yanakwenda tumboni, moyo unahusikaje?"

Hapo Bango alikwama. Mama mkwe hakuuliza ili kumjaribu. Aliuliza kwa sababu hakuelewa, na kumbe hata nesi wake hakuelewa! Jumatano Bango akaenda kwa mwalimu na swali hilo, na mengine sita. Jioni akarudi.

"Maji yakipungua mwilini, na damu inapungua, mama. Moyo unazungusha damu kidogo, kwa hiyo unakwenda mbio ili viungo vyote vipate."

"Aaa! Sasa nimekuelewa. Na wewe umejielewa?"

"Nimejielewa."

"Na yule fundi viatu, kwa nini alihema?"

"Maambukizi yalimzidi. Mwili ulihitaji hewa nyingi kupigana nayo, ukaanza kupumua mbio. Mara nyingi pumzi inapanda mapema, presha ikiwa bado inaonekana nzuri. Ukisubiri presha ishuke, umechelewa."

"Na unafanya nini kwanza?"

"Namketisha, naita msaada hapo hapo, simwachi peke yake."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Na mlikuwa mnaandika tu ishirini. Ama kweli!"

Kuhesabu pumzi nako alikufanyia mazoezi. Mwalimu alimfundisha kwamba mtu akijua unamhesabu, anabadilisha anavyopumua. Kwa hiyo unashika mkono kama unasikiliza mapigo, kumbe macho yako yapo kifuani. Akamfanyia mumewe wakati wa chai. Mume alifurahi mno kushikwa mkono dakika nzima bila kuombwa. Hakuambiwa mpaka siku ya tano.

"Kumbe hukuwa unanipenda!" alilalamika.

"Nakupenda. Na unapumua kumi na nne."

Fundi viatu alirudishwa wodini baada ya siku tisa, mwembamba, macho makubwa. Bango alikwenda kwenye kitanda chake, akasimama wima.

"Mzee, siku ile niliandika namba bila kukuhesabu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee alimtazama. Kisha akaomba aletewe chati ya siku ile. Akaisogeza karibu na macho.

"Namba nzuri hii," alisema. "Ningekufa kwa mwandiko mzuri."

Alicheka, akakohoa. Bango hakucheka. Neno lile lilimchoma kuliko onyo la chuo.

"Nimekusamehe, binti yangu," mzee alisema. "Ila usirudie kwa mwingine. Yeye huenda asipate wa kumshtukia."

Wiki saba zikaisha. Bango akaingia chumba cha mtihani akiwa amelala kwa saa saba nzima. Swali la kwanza lilisema: Mgonjwa amefanyiwa upasuaji jana, pumzi yake ni thelathini, presha yake ni ya kawaida, utafanya nini kwanza na kwa nini? Alisoma hadi mwisho, akaanza kuandika. Hakuona fremu wala rangi. Alimwona mzee.

Alipata sabini na nne. Alisoma mstari mara tatu, na safari hii pia hakuamini. Lakini bado kipimo cha wodini.

Kipimo kilifanyika wodi ya wanawake. Msimamizi alikuwa mwanamume mrefu asiyejulikana na mtu, karatasi mkononi, uso hauna habari. Bango alipewa mgonjwa mmoja, mama aliyefanyiwa upasuaji siku tatu nyuma. Sista wa wodi, muuguzi kamili wa miaka mingi, alisimama miguuni pa kitanda. Chati ilionyesha kwamba dakika kumi zilizopita sista amepima kila kitu. Joto la kawaida. Presha nzuri. Pumzi kumi na nane.

Bango alisalimia, akajitambulisha, akanawa mikono. Akachukua joto. Akachukua presha. Kisha akashika mkono wa yule mama, macho yakaenda kifuani.

Ishirini na nane.

Haiwezekani. Sista ameandika kumi na nane sasa hivi, na sista yuko hapa, anamtazama. Akaanza upya, dakika nzima nyingine. Ishirini na nane.

Fikiria mwenyewe. Ana onyo la maandishi. Mbele yake yuko mtu anayeshika safari yake yote kwenye karatasi. Akiandika kumi na nane, hakuna atakayejua. Akiandika ishirini na nane, anamwambia muuguzi wa miaka mingi, hadharani, kwamba amekosea. Na kama aliyekosea ni yeye Bango?

"Mama, unasikia maumivu popote?" aliuliza.

"Hapa ubavuni, nikivuta pumzi. Tangu alfajiri. Sikutaka kusumbua."

Bango akamwinua aketi, mto mgongoni. Akageuka.

"Sista, pumzi ni ishirini na nane. Nimehesabu mara mbili. Ana maumivu ya ubavu akivuta pumzi. Naomba daktari amwone sasa."

"Ishirini na nane?" Sista alikunja uso. "Mimi nimepata kumi na nane sasa hivi."

"Nimeona, sista. Naomba tuhesabu pamoja."

Sista akasogea, akatazama saa yake. Midomo yake ilianza kwenda taratibu. Kumi. Kumi na tano. Ilipopita kumi na nane, uso wake ukabadilika. Haikusimama. Dakika ilipoisha alikuwa amepauka.

"Sikuhesabu," alisema kwa sauti ndogo, hata hakujua anamwambia nani. "Nilikuwa na haraka. Mungu wangu, sikuhesabu."

Akakimbia kwenye simu. Daktari alikuja. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa kwenye pafu la yule mama, na ilikuwa imegunduliwa mapema. Dawa zikaanza saa ile ile. Bango alibaki kando ya kitanda, amemshika mkono, mpaka walipomhamisha.

Korido ilipotulia, msimamizi alimwita.

"Ulijua kwamba kumpinga muuguzi mbele yangu kungeweza kukuponza?"

"Nilijua."

"Na ulijua uko kwenye onyo?"

"Nilijua pia."

"Sasa kwa nini?"

Bango alimtazama kwa mshangao, kwa sababu swali lenyewe lilimshinda kulielewa.

"Kwa sababu alikuwa anapumua ishirini na nane."

Msimamizi aliandika alama, akaigeuza karatasi ili aione mwenyewe. Alikuwa amefaulu.